Kitabu Namba Sita

Mwaka niliochagua kitabu kibaya kuliko vyote maishani mwangu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa karibu na Rodi Kopany. Nilikuwa na diploma, nyumba ya shule ya vyumba viwili, na imani kubwa mno juu ya akili yangu. Nyumba iliyopakana na yangu ilikaliwa na Mjapani, mwanamke wa rika langu, aliyeletwa na shirika la kujitolea la kwao kufundisha fizikia kwa miaka miwili. Sokoni walimwita Mchina. Mwanzoni aliwasahihisha kwa upole, kisha akachoka, akaanza kuitika.

Mimi nilimfundisha Kiswahili, yeye akanifundisha Go. Ni mchezo wa ubao wenye mistari kumi na tisa kwenda na kumi na tisa kushuka. Mmoja ana mawe meusi, mwenzake meupe, mnaweka moja moja kwa zamu pale mistari inapokutana, na jiwe likishawekwa halisogei. Anayezingira eneo kubwa zaidi ndiye mshindi, na mawe yaliyozingirwa pande zote huliwa. Basi. Sheria zote nilizielewa katika muda wa chai ya saa nne, nikarudi darasani nikiamini kwamba mchezo huo nimeumaliza.

Nikashindwa kwa miaka miwili mfululizo. Yeye wakati huo Kiswahili kilimkolea hata akawa anasema "vitabu vyangu vyote vimeloa" katika chumba cha walimu ambamo sisi wenye nchi tulisema "vitabu yangu yote imelowa". Biashara yetu ya kufundishana ilikuwa imeinamia upande mmoja, na upande huo haukuwa wangu.

Kushindwa kwenyewe ningekuvumilia. Kilichoniuma ni mawe tisa. Katika Go anayejua kidogo huwekewa mawe ya kumsaidia ubaoni kabla mchezo haujaanza, na idadi ya juu kabisa ni tisa. Yeye aliniwekea tisa siku ya kwanza, na siku ya mwisho alikuwa bado ananiwekea tisa, akiyapanga polepole kwa vidole vyake vyembamba, huku akitabasamu. Mimi ni mtu wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo. Nilijiona kama mtu mzima anayekatiwa nyama vipande vidogo mbele ya wageni. Usiku sikulala vibaya kwa sababu hiyo, nisidanganye, lakini kila nilipoyaona yale mawe yakipangwa damu ilinichemka. Nilitaka kitu kimoja tu: nicheze naye mara moja ubao ukiwa mtupu, na nisiaibike.

Muda wake ulipoisha, mwezi wa Desemba, alifunga mizigo yake pamoja na seti yake ya Go, akaja kuniaga. Alisema atarudi Agosti, wakati wa likizo yake, kuwaona wanafunzi wake kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Nikamwuliza kama tutacheza. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Nikirudi tutacheza sawa kwa sawa. Bila mawe ya kukubeba." Kwake labda yalikuwa maneno ya kuagana. Mimi niliyapokea kama hati ya kiapo.

Kisha akachana karatasi kwenye daftari akaniandikia vitabu sita vya kujifunzia Go, vyote vya Kiingereza, akivipanga kutoka chepesi hadi kigumu. Nichague kimoja, atakinunua kwao na kunitumia kwa posta. Kando ya namba moja alichora sungura, kwa kuwa kitabu hicho kilijaa picha za sungura wakielezana mambo. Kando ya namba mbili aliandika "baada ya miezi sita", namba tatu "baada ya mwaka", na kadhalika. Kando ya namba sita hakuandika kitu. Kilikuwa kitabu cha michezo ya mabingwa wakubwa, mwanzo hadi mwisho, na maelezo yake.

Shule ilipofunguliwa nilikipeleka kile kikaratasi katika chumba cha walimu, jambo ambalo mtu mwenye busara asingelifanya. Hakuna hata mmoja mle aliyejua Go ni nini, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na maoni. Wa hesabu alisema kitabu kizuri ni chenye majibu nyuma. Wa jiografia akasema majibu ya nyuma huharibu akili, na kwamba yeye huyakata kwa wembe kabla ya kuwagawia wanafunzi. Wa historia, ambaye alikuwa ametufundisha wengi wetu na kwa hiyo hakubishiwa, alisema kitabu ambacho kila mtu anakielewa hakina faida kwa anayekimiliki. Kuhusu namba moja tulikubaliana wote kwa kicheko. Mwalimu mwenye diploma, na sungura?

Najua mtakalosema. Kila Januari nilisimama mbele ya wazazi wa kidato cha kwanza nikiwasihi wasiwanunulie watoto wao vitabu vya kidato cha nne ati wawahi mbele. Nilikuwa na hotuba nzima juu ya jambo hilo, na mfano wa nyumba isiyo na msingi. Lakini mganga hajigangi. Nilimwandikia barua fupi: naomba namba sita.

Kifurushi kilifika Machi kwa sanduku la posta la shule, na kosa letu la pili lilianzia hapo. Mkuu wetu wa shule alikuwa mzee wa kanisa, Msabato, mtu mwadilifu ambaye shida yake kuu maishani ilikuwa wizi wa vitabu. Vitabu vya shule yetu vilikuwa vimeonekana vikiuzwa hadi Ndhiwa. Kwa hiyo alikuwa na kanuni: kitabu chochote kilichopitia sanduku la shule kilikuwa mali ya shule, na mali ya shule ilipigwa muhuri ukurasa wa kwanza, wa mwisho, na kila ukurasa wa tano, ili mwizi asipate pa kuchana. Muhuri wenyewe ulikuwa wa duara, mkubwa kuliko kifuniko cha chupa, wa wino wa zambarau, wenye jina la shule na namba ya sanduku. Nilipoitwa ofisini wino ulikuwa haujakauka.

"Madam, hii kitabu ni ya bei," alisema, akinikabidhi kwa mikono miwili. "Nimeilinda."

Nilikifungua. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa ubao wa Go, mawe yake yakiwa na namba za kuonyesha lipi lilitangulia lipi. Na kila baada ya kurasa tano, juu ya mchoro, pale mkono wa mkuu ulipotua, kulikuwa na jiwe kubwa la zambarau ambalo hakuna bingwa wa Japani aliyeliweka. Nilimshukuru. Ningefanya nini? Alikuwa amefanya kazi ya saa nzima.

Kulikuwa na kitabu cha pili ndani ya kifurushi, cha sungura, pamoja na kijibarua: "Cha sita umechagua wewe. Cha kwanza nimechagua mimi." Hicho mkuu hakukipiga muhuri. Alikuwa amewaona wale sungura akaamua kwamba kimeingia kwa bahati mbaya, akanishauri nikipeleke kwa watoto popote walipo. Ilikuwa mara ya kwanza muhula ule mimi na mkuu kukubaliana. Nilikituma kwa dada yangu mkubwa huko Ntimaru, upande wa Migori, ambaye alikuwa na watoto wanne.

Nikaanza kusoma namba sita. Kwanza nilihitaji mawe, na kwa kuwa seti ilikuwa imekwenda Japani nikakusanya vifuniko vya chupa, mia moja na themanini vya soda na idadi hiyo hiyo vya bia. Vya soda havikumshtua mtu. Vya bia niliviomba katika baa za Rodi, na wiki haikuisha kabla mkuu hajaniita tena kuniuliza, kwa masikitiko ya mzazi, kama nilikuwa na jambo linalonisumbua ambalo kanisa lingeweza kuliombea. Nilimwonyesha ubao niliochongewa na seremala wa shule. Aliutazama kwa muda, akasema angependa zaidi nitumie vya soda pande zote mbili.

Nilisoma kwa njia niliyoijua, iliyonivusha mitihani yote: nilikariri. Bingwa wa kwanza anaweka hapa, wa pili pale, wa kwanza anarudi huku, hadi mawe hamsini, sitini. Nilikariri wakati wa vipindi vyangu vya mapumziko, nikakariri nikisonga ugali. Pale muhuri ulipofunika jiwe nilitumia akili: kama namba kumi na saba haionekani popote ubaoni, basi imo chini ya muhuri, na mimi nikaweka kifuniko changu katikati ya duara la zambarau nikaendelea. Kwa hiyo kuna mchezo mmoja wa bingwa mkubwa wa Japani ambao mimi peke yangu duniani ninaujua kwa jiwe la kumi na saba lililochaguliwa na mkuu wa shule ya kutwa. Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa nimemeza michezo minane. Nilitembea nikijiona mtu mwingine.

Likizo ya Aprili nilikwenda Ntimaru. Dada yangu aliolewa na Mkuria, mkulima wa mahindi, na yeye mwenyewe alifanya biashara ya vitunguu kuvuka mpaka na kurudi. Aliishia darasa la saba. Hakuishia hapo kwa kukosa akili. Aliachia hapo ili mimi niendelee, na hatukuwa na desturi ya kulizungumzia jambo hilo, hasa mimi. Nilipofika mvua ilikuwa imemfungia nyumbani kwa wiki mbili, barabara haipitiki. Alinipokea, akanipa chai, akaniuliza habari za nyumbani hadi zikaisha. Kisha akasema kwa Kiswahili, lugha anayoitumia nami akitaka kunitania kuhusu kazi yangu:

"Mwalimu, hiyo kitabu ya sungura nimemaliza. Hakuna ingine?"

Nilidhani anasema amewasomea watoto. Akanipeleka ghalani. Sakafuni alikuwa amechora ubao kwa mkaa, mistari yote kumi na tisa, imenyooka, na kando kulikuwa na sahani mbili, moja ya mahindi meupe na nyingine ya maharagwe mekundu. Watoto hawakukitaka kile kitabu. Yeye alikiokota kwa sababu ya mvua. Kiingereza chake ni kidogo, lakini picha zilimtosha: ukurasa huu unakuuliza mawe haya yataokokaje, unawaza, unafungua ukurasa wa nyuma kuona kama uliwaza sawa. Hakuwa amecheza na mtu hata mara moja.

Niliketi kumwonyesha mchezo unavyochezwa na watu waliosoma. Nilimpa nafasi ya kuchagua, akachukua maharagwe. Niliweka mahindi yangu matatu ya kwanza kama bingwa, kwa mkao wa bingwa. Ilipofika zamu yake ya nne akaweka haragwe mahali ambapo hakuna bingwa aliyewahi kuweka, katika mchezo wowote kati ya minane yangu. Nilimweleza kwamba hapo hapachezwi.

"Na nimecheza," alisema.

 Michezo yote niliyoikariri ilikuwa na mtu wa upande wa pili anayejua jiwe lake linalofuata, na dada yangu hakulijua. Nikaweka hivi hivi. Akanikata katikati. Nikakimbilia pembeni, akanifuata bila haraka, anaweka haragwe, ananingoja, anaweka jingine. Kuku aliingia ghalani akadonoa punje zangu tano kwenye kona, nikaruka nikasema mchezo umeharibika, kundi lile lilikuwa hai. Dada alinionyesha kwa kidole, kwa subira kabisa, kwa nini kundi lile lilikuwa limekufa tangu zamani na kuku ameokota maiti tu. Alikuwa sahihi. Mawe yanayozingirwa yanahitaji kubakiza matundu mawili ndani yake ili yasiliwe, na yangu hayakuwa na hata moja. Lilikuwa somo la tatu la sungura, na mimi niliyemeza michezo minane ya mabingwa sikulijua.

Tulipomaliza nilikuwa sina chochote ubaoni cha kuhesabu. Dada alikusanya maharagwe yake.

"Wewe unacheza kama mtu anasoma barua ya mtu mwingine," aliniambia.

Nilikasirika. Nilikasirika hata nikasema kichwa kinaniuma, nikalala kabla ya chakula, nikimsikia jikoni akiwaambia watoto wasipige kelele kwa kuwa mwalimu anaumwa. Nililala pale nikijitetea kwa hoja ambazo hata mimi hazikunishawishi. Miaka ishirini alikuwa ameniacha niwe mwenye akili wa nyumba yetu, na ilimchukua wiki mbili za mvua kunitoa kwenye kiti. Asubuhi nilimwomba kitabu. Alikifuta unga kwa kanga yake akanipa, akasema nirudishe.

Nilianza ukurasa wa kwanza, somo la kwanza, na ile michezo minane nikajitahidi kuisahau, kazi iliyokuwa ngumu kuliko kuikariri. Wiki mbili zilizobaki tulicheza ghalani kila alasiri. Alinishinda siku nne za kwanza, kisha nikaanza kumpata mara moja moja. Niliporudi Rodi nilikiweka kitabu cha sungura ndani ya jalada la kumbukumbu za masomo ili wenzangu wasikione, nikakisoma kikao baada ya kikao, mara tatu nzima. Namba sita nilikirudisha kwa mkuu, akakifungia kabatini pamoja na vyeti.

Agosti rafiki yangu alirudi, kama alivyosema. Mkuu alimpokea rasmi, na baada ya sala na soda akafungua kabati akamwonyesha kitabu, ukurasa kwa ukurasa, apate kuona kwamba hakijapotea. Mgeni aliitazama mihuri ile kwa muda mrefu. Akasema, "Mmekitunza vizuri sana," kwa ngeli sahihi, na mkuu akafurahi wiki nzima.

Mchana ule nilimpikia samaki, tukala, kisha nikatoa ubao na vifuniko nikaviweka barazani.  Alivutiwa na vifuniko, akavigusagusa, na mkono wake kwa mazoea tu ukaanza kunipangia vya soda: kimoja kona hii, kimoja kona ile. Nikamkumbusha alichoniahidi. Alicheka, akaomba radhi, akavirudisha. Ubao ukabaki mtupu. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa karibu miaka mitatu, na nilipoweka kifuniko cha kwanza nilikuwa na hofu hasa.

Hofu haikukaa. Kwa muda wa kama robo saa sikuamini macho yangu, maana niliona anakosea. Aliweka jiwe mahali ambapo sungura wa ukurasa wa thelathini wangemkataza. Nikadhani ni mtego. Nilipima, nikapima tena, kisha nikamkata, na hapakuwa na mtego wowote. Alikunja uso tu. Kona ya kulia ilikufa. Akajaribu kuikomboa, ikafa zaidi. Mawe yale tisa ya miaka yote yalikuwa yamenifanya nisimtazame hata mara moja anavyocheza. Nilitazama aibu yangu tu. Tulipohesabu nilikuwa nimemshinda kwa eneo la zaidi ya thelathini. Alihesabu mara ya pili, kwa makini ya mwalimu wa fizikia, ikatoka vile vile.

Nilingoja anipongeze. Hakunipongeza. Alikuwa akiutazama ubao, masikio yake yamekuwa mekundu. Akaanza kunieleza, polepole, kwamba kwao baba yake na kaka zake watatu wanacheza Go, na wanacheza vizuri. Vile vitabu sita ni vya rafu ya baba yake, kwa mpangilio wa rafu ya baba yake. Yeye alisoma cha kwanza, na cha pili nusu. Cha sita hajawahi kukifungua mpaka leo ofisini kwa mkuu.

"Nyumbani mimi ndiye huwekewa mawe tisa," alisema. "Hata nikiwekewa, hushindwa. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyewahi kumshinda. Na wa pekee."

 Ningeweza kumwonea huruma, na picha yake akiwa msichana mezani kwa baba yake, akipangiwa mawe na kaka zake, ilinijia wazi kabisa. Lakini kwanza ilinijia hasira. Miaka miwili niliinama mbele ya mtu huyu. Alikuwa amevuka bahari mbili hadi Rodi Kopany, na huko akampata hatimaye mtu wa kumbeba, akambeba kwa raha zake, na mtu mwenyewe ni mimi.

Akaniomba tucheze mara moja zaidi kabla hajaondoka. Nikakubali. Alivuta bakuli la vifuniko karibu, akasita, kisha akaniuliza bila kunitazama kama ningeweza kumwekea mawili.

Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote yanavyouma. Nilimwekea matatu. Siku hizi nikisimulia husema ilikuwa huruma. Siku ile nilijua ni nini, na haikuwa huruma.